Je, Wajua? Watu wa Rweya

Sogea hapa kwenye benchi, msomaji, nafasi ipo. Leo tuko Kagoma, wilayani Muleba, na tutakuwa tukikimbia kwenda Bukoba na kurudi kila tukipata nauli. Jina Kagoma masikioni mwa Mhaya lina mlio wa ngoma ndogo. Basi tuipige.

Wajua kwamba Wahaya wana bahari mbili? Ya kwanza unaijua, Ziwa Victoria, kilomita za mraba 68,800 hivi, ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Ya pili ni rweya: mbuga ya nyasi tupu, kilima baada ya kilima, mti mmoja huku na mwingine kule. Vijiji vya migomba vimekaa ndani yake kama visiwa, na ukisimama kwenye kilima asubuhi ya ukungu utaapa kwamba vinaelea.

Wajua kwamba udongo wa rweya na udongo wa kibanja kilichojaa migomba ni udongo ule ule? Ndiyo, ule ule! Tofauti yake ni mikono ya watu. Vizazi kwa vizazi wamekata nyasi huko nje, wamezibeba kichwani, wamezitandaza chini ya migomba na kuchanganya na samadi ya ng'ombe, mpaka ardhi nyembamba ikawa nyeusi na laini kama unga. Kibanja hakikukutwa, kilipikwa.

Na nyasi zenyewe zina jina la mkoa, wajua? Mojawapo ya nyasi za huku wataalamu wa mimea wameisajili kama Loudetia kagerensis. Ng'ombe wanaitafuna bila kujua kwamba wanakula kitu chenye jina la Kilatini.

Wajua kwamba rweya kwa kawaida ilikuwa shamba la kina mama? Kibanja kilikuwa cha ukoo na mwenye ukoo alikuwa mwanamume, lakini mwanamke aliweza kulima kipande cha mbugani kiitwacho omusiri. Alipanda njugu mawe, akavuna, akahamia kipande kingine na kuacha ardhi ipumue.

Nyumba ya zamani ya Mhaya ilikuwa msonge wa duara, nyasi kuanzia kileleni hadi chini kabisa, huoni ukuta. Ndani walilala watu, na mara nyingi ng'ombe nao hawakuwa mbali. Sakafu? Nyasi pia! Fikiria: paa ni nyasi, zulia ni nyasi, mbolea ni nyasi. Na bado sijakwambia kuhusu chuma.

Ngoja sasa, hili likushike vizuri. Wajua kwamba watu wa pwani hii ya ziwa walikuwa wakiyeyusha chuma chenye kaboni, chuma cha pua hasa, miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000 iliyopita? Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha habari hiyo katika jarida la Science, na magazeti ya dunia yakaishika kama habari ya mwezini. Masalia ya tanuri yalitoka Kemondo, hapo hapo unapopandia meli.

Walijuaje? Waliwaomba wazee. Katikati ya miaka ya 1970 wafua chuma wa Kihaya, ambao hawakuwa wamegusa kazi hiyo kwa miaka mingi, walijenga tena tanuri ya udongo wa kichuguu kutoka kwenye kumbukumbu zao tu. Chini ya tanuri walichimba shimo wakalijaza nyasi za bwawani zilizochomwa. Nyasi tena! Makaa ya nyasi hizo ndiyo yaliyokipa chuma kaboni. Mirija ya udongo ilipitisha upepo wa mivuo mpaka ndani ya moto, na watafiti wakaandika joto la zaidi ya nyuzi 1,800. 

Na hili la Katuruka, je? Huko Maruku wazee walisimulia kwamba Mukama Rugomora Mahe aliwaagiza wafua chuma wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, na kwamba kazi ilifanyika chini ya mti mkubwa uitwao Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Msomi yeyote angetabasamu na kufunga daftari. Schmidt alichimba pale pale. Akakuta mabaki ya kiwanda cha kufulia chuma cha zaidi ya miaka 2,000! Mnara hakuuona, lakini simulizi ilikuwa imetunza anwani.

Tuingie jikoni kidogo. Wajua kwamba senene mkavu, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na zaidi ya theluthi ni protini? Ndiyo maana sufuria ya senene haihitaji mafuta ya kupikia. Unawatia wenyewe, wanajikaanga.

Senene hushuka usiku, wakati wa mvua, hasa Novemba na Desemba. Kuna wa kijani na kuna wa kahawia, na ni mdudu mmoja. Watu hupanga mabati yanayong'aa, huwasha taa kali na moshi wa majani mabichi. Senene hupigwa na bumbuazi, huteleza kwenye bati na kuangukia ndani ya pipa. Asubuhi yake ukipita mitaani utaona mabaraza yamejaa watu wameinama, vidole vinakwenda kasi: bawa, bawa, mguu, mguu, bakuli. Mtoto wa miaka saba hukushinda bila shida. Mimi nimeshashindwa na wa miaka mitano, na alikuwa akila huku akinyonyoa.

Lakini sikia kichekesho chenye uchungu ndani yake. Zamani waliokwenda kuokota senene rweyani ni wanawake na watoto, ila mila iliwakataza wanawake hao hao kuwala! Senene walikuwa chakula cha mume. Mke alipeleka senene, mume akalipa kwa nguo mpya. Siku hizi mila hiyo imekufa, na sijaona mwanamke anayeililia.

Umeshawahi kuona mtumbwi usiokwenda ziwani? Wahaya wanao. Ni gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi, na ndani yake hupangwa ndizi mbivu na nyasi. Wanaume hupanda wakazikanyaga kwa miguu mpaka juisi itoke. Nyasi ndizo zinazoikamua na kuichuja. Ongeza mtama uliokaangwa na kusagwa, funika, subiri siku moja au zaidi kidogo: hiyo ni rubisi. Ukienda harusini ukakosa rubisi, jua harusi bado haijaanza.

Wajua kwamba huku kahawa ilitafunwa kabla haijanywewa? Muda mrefu kabla ya Mjerumani, Wahaya walichuma robusta, wakaichemsha na majani yenye harufu nzuri, wakaianika, wakaitafuna punje moja moja. Huitwa akamwani. Mgeni akifika, kabla hajaulizwa habari za safari, anawekewa kikapu kidogo mbele yake.

Na tunda moja la kahawa lina mbegu mbili, si ndiyo? Basi marafiki wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walichukua tunda moja, kila mtu mbegu yake, ikapakwa damu ya mwenzake, ikamezwa. Baada ya hapo, undugu umekwisha fungwa. Shahidi yuko tumboni.

Karibu robusta yote ya Tanzania hutoka Kagera, wajua? Na Bukoba ina kiwanda cha kahawa ya unga wa kuyeyuka, TANICA, tangu miaka ya 1960. Nao ushirika wa wakulima ulisajiliwa 1950, ukiitwa Bukoba Native Co-operative Union. Leo unaitwa KCU.

Kihaya kina ujanja wake. Wajua kwamba kina nyakati tatu zilizopita? Kuna lililotokea leo, kuna la jana, na kuna la juzi kurudi nyuma mpaka enzi za mababu. Wanaisimu wa dunia nzima hukitolea mfano vitabuni. Kwa hiyo Mhaya akisema uongo juu ya lini alilipa deni, kitenzi chenyewe kinamsaliti!

Na utani ule wa "Nshomile" unaujua maana yake? Ni Kihaya cha "nimesoma". Makabila mengine walilibandika kwa Wahaya kama kejeli, na Wahaya wakalipokea kama cheti.

Ukikutana na mtu aitwaye Kato, au binti Nyakato, usiulize. Ni pacha wa pili.

Tupande kidogo kwenye historia ya wageni, maana nayo ina vituko. Wajua kwamba kituo cha Bukoba kilianzishwa Novemba 1890 na mtu aliyekuwa ameanguka dirishani mwaka mmoja kabla? Emin Pasha, daktari Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, aliletwa pwani na mvumbuzi Stanley baada ya safari ya taabu kubwa. Desemba 1889 Bagamoyo ikamfanyia karamu. Usiku ule akatoka kwa dirisha badala ya mlango! Alipopona hakurudi kwao Ulaya. Aligeuka na kurudi ziwani, akasimamisha bendera ya Kijerumani Bukoba. Miaka miwili baadaye aliuawa Kongo.

Miaka 25 baada ya Emin, Juni 1915, Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu kuja kuuvunja mnara wa redio wa Wajerumani pale Bukoba. Miongoni mwa askari walioteremka alikuwamo mwindaji Frederick Selous, umri wake miaka 63. Ndiyo, Selous yule yule wa mbuga ya wanyama ya kusini. Babu wa miaka 63 akikimbia na bunduki kwenye vilima vya Bukoba!

Wamisionari Wakatoliki waliweka makao Kashozi mwaka 1892. Lakini Uprotestanti, wajua nani aliuleta? Wahaya wenyewe. Walikuwa wamejifunza kusoma upande wa Buganda, wakarudi na vitabu vya Kiganda, wakawa wanakusanyika kabla mmisionari wa Bethel, Ernst Johanssen, hajafika mwaka 1910. Alipofika, waumini walikuwa wanamsubiri.

Hapa sasa nivute pumzi, kwa sababu nataka kukupeleka Kashasha. Wilaya ya Muleba, mahali ambapo ramani nyingi hazihangaiki kupaandika. Wajua kwamba Kashasha imeingia katika vitabu vya tiba vya dunia kwa sababu ya kicheko?

Tarehe 30 Januari 1962, siku 52 tu baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka. Hawakuacha. Wenzao wakaambukizwa, na kicheko kilichanganyika na kilio na kukimbia huku na kule. Shambulio moja liliweza kuchukua saa chache, au siku 16! Mpaka Machi 18, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa.

Kosa likawa hapo. Wasichana walirudi makwao na kicheko mkononi kama mzigo. Kule Nshamba peke yake watu 217 walipatwa, wengi wao vijana. Mwezi Juni shule nyingine ya wasichana karibu na Bukoba, Ramashenye, ilikuwa na wagonjwa 48 kati ya wanafunzi 154. Hesabu ilipofungwa: watu wapatao 1,000, shule 14 zimefungwa kwa muda, na aliyekufa hakuna hata mmoja.

Wajua nani hakucheka? Walimu. Hata mmoja! Madaktari Rankin na Philip walipima damu, wakachunguza chakula, wakauliza juu ya maji, hawakukuta sumu wala kijidudu. Waliandika ripoti yao mwaka 1963, na ndani yake wakaweka jina walilolisikia kwa wenyeji, enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Maelezo yanayokubalika na wengi ni hofu na msongo wa mabinti wa bweni, uliotafuta mlango wa kutokea. Nami nakuomba, ukisikia mtu anasimulia kwamba Watanganyika walicheka mwaka mzima mfululizo bila kupumua, mwambie akae chini. Kicheko kilikuja na kuondoka kwa vipindi, na kwa waliopatwa halikuwa jambo la kufurahisha.

Kashasha hiyo hiyo ndiyo iliyomlea Mama Barbro, wajua? Barbro Johansson, Mswidi aliyezaliwa 1912, alikuja kufundisha wasichana wa Kihaya baada ya Vita Kuu ya Pili, akawa mkuu wa shule Kashasha. Baba wengi walidhani kumsomesha binti ni kupoteza mbegu. Mama Barbro akabaki, akajiunga na TANU, akaingia bungeni, akachukua uraia wa nchi hii. Aliondoka kwao Mswidi akazeeka Mtanzania.

Bado hatujatoka Kashasha! Wajua kwamba haki ya mwanamke wa Tanzania kuuza shamba alilorithi ilianzia kwenye mahakama ya mwanzo ya hapo? Bibi mmoja, Holaria Pastory, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alikuwa amezeeka, hana wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo.

Kesho yake, naam, kesho yake tu, kijana ambaye Holaria ni shangazi yake alikuwa mlangoni mwa Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Mila za Kihaya, alisema, zinamruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, kuiuza hapana. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana naye. Mahakama ya wilaya ikakataa. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, kwa Jaji Mwalusanya, na Februari 1990 jaji akaandika kwamba mila inayombagua mwanamke hivyo inakwenda kinyume na Katiba. Bibi akashinda. Mwanafunzi wa sheria Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hamalizi masomo bila kukutana na jina lake, na bibi mwenyewe alitaka tu pesa ya kumalizia uzee.

Kama unafikiri ardhi huku ilikuwa huru kwa wanaume wote, pole. Wajua neno nyarubanja? Ni utaratibu wa zamani ambapo mtu alilima kibanja maisha yake yote akimtolea bwana mwenye ardhi sehemu ya mazao na kazi. Ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1965, na aliyekuwa mpangaji wa babu akawa mwenye shamba.

Haya, tupandishe sauti kidogo, tumefika kwa wakubwa. Wajua kwamba kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi wa zama hizi ni mtoto wa rweya hii? Laurean Rugambwa alizaliwa Julai 1912, akabatizwa akiwa na miaka minane pamoja na wazazi wake siku moja. Mwaka 1943 padre, 1952 askofu, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamvika kofia nyekundu. Alikuwa na miaka 47, na nchi yake bado ilikuwa chini ya Mwingereza!

Shika hesabu hii sasa, usiiachie. Miezi miwili baada ya siku ile, Mei 31, 1960, pale Bunena, Bukoba, alizaliwa mtoto aitwaye Protase Rugambwa. Oktoba 1978 Kardinali Laurean alikuwamo ndani ya mlango uliofungwa Vatikani wakati Yohane Paulo II anachaguliwa. Septemba 1990 Papa huyo akaja Dar es Salaam, jimbo la Laurean, akampa upadre kijana Protase. Mwaka 2023 Protase naye akawa kardinali. Mei 2025, mlango ule ule ulipofungwa tena kumchagua Papa Leo XIV, Rugambwa alikuwamo ndani. Rugambwa mwingine!

Walutheri wasione tumewasahau. Wajua kwamba mwaka 1977 mkutano mkuu wa Shirikisho la Walutheri Duniani ulifanyika Dar es Salaam na ukamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake? Alikuwa Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa Ulutheri wa dunia, pamoja na Ujerumani alikozaliwa Luther, ulikuwa na rais Mhaya.

Anna Tibaijuka ni wa Muleba, wajua? Kuanzia 2000 hadi 2010 aliongoza UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao Nairobi. Mtoto wa vijiji vya migomba ndiye aliyeisimamia miji ya dunia! Baadaye akawa mbunge wa Muleba Kusini. Yule Mama Barbro? Tibaijuka alisaidia kuanzisha shule ya wasichana Dar es Salaam yenye jina la mama huyo.

Justinian Rweyemamu, mzaliwa wa Bukoba wa mwaka 1942, alipata udaktari wa uchumi Harvard, akaandika mwaka 1973 kitabu kuhusu viwanda vya Tanzania ambacho wachumi bado wanakibishania, akamshauri Mwalimu Nyerere. Alifariki 1982. Aliishi miaka michache kuliko mikorosho mingi.

Siasa nayo? Wajua kwamba Bukoba Bahaya Union iliundwa 1924, miaka 30 kamili kabla ya TANU? Makarani na walimu walikaa wakadai mambo yao kwa barua za heshima zenye meno. Ali Migeyo, mwanasiasa wa huku, yeye aliacha barua akatumia mdomo. Wakoloni wakamfunga, na kitabu cha maisha yake kikatoka 1969.

Na karani mwingine, Francis Lwamgira, aliamua historia isimpite: kitabu chake Amakuru ga Kiziba kilitoka 1949, kwa Kihaya. Kabla ya hapo historia ilikaa kwenye enanga, zeze la ubao ambalo kamba yake ni moja tu, inapitishwa kwenda na kurudi mpaka zionekane nyuzi nyingi. Mpigaji aliweza kuimba habari za shujaa mmoja kutoka magharibi mpaka majogoo.

Tukiwa kwenye muziki: wajua kwamba mwaka 2001 Tanzania nzima iliimba Kihaya bila kukielewa? Saida Karoli, binti wa Bukoba, alitoa "Maria Salome", na kutoka Mtwara hadi Musoma watu waliitikia kwa maneno ya kubahatisha. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudisha kama "Salome". Watu wakabahatisha tena.

Mvua sasa, chukua mwavuli. Bukoba hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka! Nenda magharibi kidogo tu, nyuma ya vilima, na kiasi hicho kinaporomoka hadi nusu. Ziwa hupika mawingu usiku na kuyamwaga kabla hujaamka.

Wajua kwamba mkoa huu haukuitwa Kagera? Uliitwa Ziwa Magharibi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, Novemba 1 akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni yake, daraja la Kyaka likalipuliwa. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa Tanzania. Mkoa ukachukua jina la mto, ambao maji yake, ukiyapa muda, yatapita Misri na kuingia Mediterania.

Wilaya ya Muleba, zaidi ya nusu ya eneo lake ni maji. Kuna wapiga kura wanaokwenda mkutano wa wilaya kwa mtumbwi.

Na jirani kuna wahamiaji kutoka Ulaya wasio na pasi. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17, waliokuwa wamefungiwa Ulaya, waliletwa kwa meli na kuachiwa kisiwani Rubondo. Hakuna aliyewafundisha kutafuta chakula. Wajukuu wao wapo hadi leo.

Meli ya MV Victoria umeipanda? Ilijengwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya Kisumu na kuanza kazi 1961. Vizazi vitatu vya wanafunzi vimelala juu ya magunia yake kutoka Bukoba kwenda Mwanza. Ilikaa ikitengenezwa, na mwaka 2020 ikarudi majini.

Ziwa hili pia limechukua watu wetu, kila nyumba huku inajua, na Mei 21, 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama, hakuna anayehitaji kukumbushwa. Lakini jua na hili: asubuhi ya Novemba 6, 2022 ndege ya abiria yenye watu 43 ilipotumbukia majini hatua chache kabla ya uwanja wa Bukoba, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi. Kijana mmoja aliutwanga mlango wa nyuma kwa kasia lake. Watu 24 walitoka hai. Baadaye kijana huyo alichukuliwa kwenye jeshi la zimamoto na uokoaji.

Karibu nikuachie benchi. La mwisho: wajua uwanja wa Kaitaba, Bukoba, wanapochezea Kagera Sugar? Umezungukwa na nchi ambayo nyasi zimeezeka nyumba, zimekamua rubisi, zimepika chuma na kulisha senene. Uwanja wenyewe umetandikwa nyasi bandia, za plastiki, zilizokuja kwenye kontena.